Tupeane uzoefu: kubana matumizi ya nyumbani mpaka deni la familia liishe

Kibubu cha Bati (mleta uzi)

Wakuu, huu ni uzi wa hesabu. Simulizi za nani alikopa na nani alihama mtaa usiku tunazo za kutosha. Hapa weka njia, vipimo, na mahali inapokwama. Naanza mimi.

Kabla hujagusa bei ya nyanya, kaa na mwenzako muandike madeni yote kwenye ukurasa mmoja. Yote, na yale asiyoyajua. Deni lililofichwa ndilo linaloua mpango mwezi wa pili: hela iliyobanwa jikoni inatoka kimyakimya kwenda kulipa huko, na aliyekubali kula dagaa mara tatu kwa wiki anabaki anajiuliza imeenda wapi. Kila deni liandikiwe anayedai, baki la leo, rejesho, siku ya rejesho, faini ya kuchelewa, na dhamana au mdhamini.

Kisha andikeni matumizi kwa siku 14, kila shilingi, na maandazi ya asubuhi na bodaboda ya "nimechelewa" mkiyaweka. Siku 7 hazitoshi kwa sababu gesi na LUKU (umeme wa kulipia kabla) zinaweza zisiangukie humo. Siku 30 watu huchoka njiani wakaanza kukisia.

La tatu ndilo linalosahaulika. Hela iliyobanwa itoke nyumbani siku hiyo hiyo. Ukiokoa 3,000 sokoni ikabaki kwenye pochi, jioni imeshakuwa chipsi. Itume kwa mdai hata kama ni ndogo. Kama hapokei vipande, iwekwe mahali ambapo kuitoa kunahitaji mtu wa pili.

Katibu wa Kikoba

Naongezea upande wa deni, maana wengi wanabana vizuri halafu wanaanza na mdai asiye sahihi.

Tofautisha riba ya moja kwa moja na riba ya baki linalopungua. Mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 6, riba "asilimia 10 kwa mwezi" inayohesabiwa juu ya mkopo wote: riba 600,000, rejesho kama 266,700 kila mwezi. Lakini mwezi wa tano umeshalipa sehemu kubwa ya mtaji na bado unatozwa 100,000 ile ile ya mwezi wa kwanza. Ukiigeuza kuwa riba ya baki linalopungua, unakuta ni kama asilimia 15 kwa mwezi. Kwa hiyo ukilinganisha mikopo miwili, usiulize asilimia. Uliza: "Napokea ngapi mkononi, narudisha ngapi, kwa siku ngapi?"

Deni la kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) nalo lina hesabu yake. Riba unayolipa inaingia kwenye mfuko na sehemu yake inakurudia mkivunja kikoba mwisho wa mzunguko, kulingana na hisa zako. Kwa hiyo kwa hela tupu kikoba ni nafuu kuliko kinavyoonekana. Ugumu wake ni wadhamini: ukikwama wanakatwa wao, na ni majirani. Ongea na uongozi kabla ya siku ya kukutana, si siku yenyewe, uombe kulipa riba tu kwa mwezi mmoja. Vikundi vingi hukubali mara moja. Mara ya pili wanaanza kusoma katiba.

Mpangaji wa Mbagala

Na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali inayorejeshwa kila siku, inakaa wapi kwenye foleni?

Katibu wa Kikoba

Ya kwanza. Angalia mfano: umekopa 300,000, unalipa 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 360,000, watu wanasema "riba asilimia 20 tu". Sasa toa ada ya fomu 10,000 na "bima" 5,000 walizokata mlangoni: umeshika 285,000. Na kwa kuwa unarudisha kila siku, kwa wastani umekaa na kama nusu ya hela hiyo mwezi mzima. Gharama 75,000 juu ya wastani wa chini kidogo ya 150,000. Hiyo ni nusu, ndani ya mwezi mmoja.

Benki Kuu ya Tanzania (BoT) imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Ndiyo maana dai nakala ya mkataba na uangalie jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni ya BoT. Hata programu za simu: Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni.

Foleni yangu: kwanza linalokua kila siku (kausha damu, programu, na mkopo wa kukamilisha muamala kwenye laini), kisha lenye mdhamini, kisha lenye kitu kilichowekwa rehani, kisha ndugu. Duka la mangi (la mtaani, mnalochukulia bidhaa kwa daftari) liko nje ya foleni. Hilo lipunguze kidogo kidogo kila wiki bila kukosa, maana daftari lake likifungwa mtarudi kukopa hela taslimu ili mle.

Na usikope kwa mmoja kulipa mwingine isipokuwa mambo mawili yametimia pamoja: jumla ya kurudisha ni ndogo zaidi, na rejesho la kwanza linaangukia baada ya siku ya mshahara.

MamaDona

Sasa jikoni. Hela ya kuacha mezani kila asubuhi ndiyo inayotufuja. Si kwamba ni nyingi, bali inakulazimisha kununua kila kitu kwa kipimo kidogo. Tatizo la kupanda kwenda jumla ni mtaji, na ukiwa na deni huna mtaji. Kwa hiyo anza na kitu kimoja tu, kile chenye pengo kubwa zaidi. Akiba yake ndiyo inunue cha pili kwa jumla. Ukijaribu vyote mwezi mmoja utakopa, na umerudi mwanzo.

Namna ya kujua pengo: mafuta ya kupima. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, uhesabu vipimo vinavyoijaza. Mfano vimeingia 7 vya 500: nusu lita ni 3,500, lita ni 7,000. Gawa bei ya dumu la lita 5 kwa 5, ulinganishe. Fanya vivyo hivyo kwa sukari ya robo, sabuni ya kukata na mchele wa kipimo, lakini vikavu vipime kwa mizani. Kisado kimoja cha mchele hakilingani na kingine, inategemea mpimaji ametikisa au amerundika.

Dumu likikaa ndani linaharibu jambo lingine: mkono unakuwa mwepesi. Nyumba ya watu 6 inaweza kwenda na mililita 100 kwa siku, lita 3 kwa mwezi. Jumapili mimina mililita 700 kwenye chupa ndogo, dumu lifungiwe. Chupa ikiisha Ijumaa, Jumamosi ni siku ya kuchemsha.

Unga. Mahindi kilo 100 ukikoboa kwa sembe unabaki na kilo 70 hadi 80 za unga, na umelipia kukoboa na kusaga. Ukisaga dona, yaani bila kukoboa, unapata karibu kilo zote, unalipia kusaga tu. Kasoro ya dona ni kwamba kiini kina mafuta, unga unachacha. Usisage gunia zima: saga wa wiki mbili au tatu. Na chagua mawe kabla ya mashine, dona halisamehi. Kama watoto wameikataa, changanya nusu kwa nusu na sembe mwezi wa kwanza.

Kununua soko la Tandale kwa gunia mnaweza kuungana nyumba tatu nne. Daladala au toroli mnagawana, mzigo mnapima kwa mizani mbele ya wote. Lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) msiikimbilie kwa kuiona imejaa. Bei igawanywe kwa kilo ndipo muamue.

Bibi Kisado

MamaDona umesahau dumuzi. Mtu akinunua gunia la mahindi mabichi akaliweka uvunguni, miezi miwili ana unga wa bure uliosagwa na wadudu.

Jaribu ukavu kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi robo ya chupa, chumvi kavu vijiko viwili, tikisa dakika kadhaa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yaanikwe tena. Ikidondoka yote chini, hifadhi. Mifuko ya kuzuia hewa ya tabaka tatu hufanya kazi bila dawa, ila kila tabaka lifungwe peke yake kwa kamba, na usiufungue kila siku kuchota. Wa kuchota uwe mfuko mwingine.

Fundi Mita

LUKU. Kwanza jua upo kundi gani. Nunua ya 1,000: ukipata uniti kama 8.2 upo D1 (nyumba zenye matumizi madogo), ukipata kama 2.8 upo T1 (matumizi ya kawaida). D1 ni Sh 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, ukizidi hapo kila uniti ya ziada ni 350. T1 ni 292 tangu uniti ya kwanza. Zote kabla ya kodi na tozo. Usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana kodi ya jengo hukatwa humo na hesabu itakudanganya. Mpangaji aiandike, akatane na mwenye nyumba.

Nyumba yenye friji inaweza kukaa chini ya 75? Inaweza, kwa shida. Friji ndogo ya mlango mmoja, uniti 1 kwa siku: 30. Feni ya wati 60 saa 10: 18. Taa 6 za LED za wati 9, saa 5: 8. Televisheni ya wati 60, saa 5: 9. Pasi ya wati 1,000, saa moja kwa wiki: 4. Jumla 69. Sasa pasi ile ile ikiwashwa nusu saa kila asubuhi ni uniti 15, jumla 80, umevuka. Nyosha nguo zote Jumapili, nzito kwanza, nyepesi umalizie pasi ikiwa imezimwa. Hita ya bafuni msiizungumzie kabisa: ya wati 5,000 dakika 12 tu ni uniti nzima, na ni mtu mmoja ameoga.

Friji ikila zaidi, kagua mpira wa mlango. Funga mlango na karatasi katikati, ivute. Ikitoka bila kubana, hapo panavuja. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kununua mwingine, mara nyingi ni uchafu tu. Na iachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani.

Wapangaji wanne mita moja? Hapo D1 sahau, mkijumlisha mnavuka wiki ya pili. Fungeni mita ndogo za ndani, mgawane kwa uniti na si kwa vichwa.

Mpangaji wa Mbagala

Gesi mnasemaje? Mtungi wa kilo 6 nyumbani hauvuki wiki tatu.

MamaDona

Uupime siku unaoletwa. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye kola ya juu. Ning'iniza kwenye mizani, toa uzito huo, baki iwe kilo 6. Pungufu, rudisha kabla muuzaji hajaondoka. Kisha povu la sabuni kwenye kiungo: likitoa mapovu kuna mpira mdogo umechoka, usiwashe kitu mpaka ubadilishwe.

Moto wa njano unaopaka sufuria masizi ni gesi isiyoungua vizuri. Vua kichwa cha jiko, zibua matundu kwa sindano, kausha kabisa.

Maharage ndiyo yanayomaliza mtungi. Loweka saa 8 hadi 12, maji yale mwaga, chemsha kilo nzima mara moja, yakishachemka punguza moto na ufunike. Chumvi mwishoni. Kilo moja kavu inakuwa kama mbili na zaidi, gawa vikontena vinne, weka friza, uwe unaunga kimoja kimoja. Kama huna friza usichemshe zaidi ya ya siku mbili, na jioni yachemke tena hata kama hamli.

Katibu wa Kikoba

Michango hamjaigusa. Ahadi ya mchango wa harusi ni deni, iandikwe kwenye ule ukurasa wa mleta uzi, kwa sababu kamati wanayo kwenye orodha yao na watapiga simu. Jibu kadi mapema kwa hela unayoweza kutoa siku hiyo, 20,000 ya leo inapokelewa vizuri kuliko ahadi ya 100,000 isiyokuja. Msiba usibanwe, tengeni kiasi kila mwezi, kisipotumika kiende kwenye deni mwezi unaofuata.

Kijana wa Ndoo

Maji kwa kifupi: uniti moja ya mita ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20. Ukinunua ndoo kwa 50 unalipa 2,500 kwa uniti, kwa 100 ni 5,000. Linganisha na ankara ya jirani mwenye bomba, mkubaliane. Mwenye bomba naye: usiku funga koki zote, soma mita, asubuhi soma tena. Ikisogea kuna uvujaji, anza na tenki la choo, weka rangi ya chakula kwenye tenki, subiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana chini, badilisha mpira.

Mpangaji wa Mbagala

Kibubu cha Bati, mdai asiyepokea vipande je? Yeye anataka 150,000 kamili tarehe 28.

Kibubu cha Bati

Gawa kwa siku zilizobaki, si kwa mwezi. Leo tarehe 8, zipo siku 20, ni 7,500 kila jioni. Kama kubana kunatoa 5,000 tu, pengo ni 50,000, na pengo hilo umelijua leo, siku 20 kabla. Mpigie sasa umwambie: tarehe 28 utapata 100,000, zilizobaki tarehe 7. Akikubali, tuma ujumbe wa maandishi wa makubaliano na umwombe ajibu, kisha ubandike kwenye ukurasa wa madeni.