Bima ya Afya kwa Wote: sisi wenye mashine za alizeti Dodoma tukate asilimia 6 ya nini?

Mbukwenyi wakuu.

Moderata, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa watumishi wa umma. Wao mshahara wao una tarehe. Mimi nina mashine ya kukamua alizeti hapa Kizota, na nimechoka kusemwa kila siku kana kwamba nina ofisi yenye mhasibu na kiyoyozi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma, Novemba 2023. Kwa aliyeajiriwa mchango ni asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri abebe walau nusu yake. Asiye na ajira rasmi analipia kaya: mwaka 2022 serikali ilitutisha na shilingi 340,000 kwa mwaka kwa watu 6, sasa tunaambiwa 150,000. Haya. Kijana anayeshusha magunia kwangu yuko upande gani?

Mshahara hana. Analipwa kwa gunia. Lori likiingia kutoka Kongwa anaondoka na hela ya maana, lisipoingia anashinda chini ya mwarobaini anacheza drafti. Msimu ukikata mashine inalala, yeye anarudi Bahi kwenye majaruba yake ya mpunga, na ikifika Desemba hata simu yake haipatikani. Asilimia 6 ya nini hapo?

Nimeuliza kwa wahusika wa bima. Mmoja kanijibu, "Huyo ni mwajiriwa wako, mwandikishe." Mwenzake wa meza ya pili akasema hapana, kibarua ajilipie kaya yake. Wakaanza kubishana wao kwa wao mbele yangu! Nikaomba basi nimlipie kidogo kidogo wakati wa msimu, pesa ikiwepo. Nikaambiwa kaya inalipiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Jamani, hata TRA, watoza kodi hao hao tunaowalalamikia asubuhi na jioni, sisi tunaolipa kodi ya makadirio wametugawia awamu nne.

Na asije mtu hapa kuniambia sitaki bima. Bima ya hawa vijana ni mimi. Njoo ufungue daftari langu la madeni uone: "dawa mtoto 18,000", "boda hospitali 4,000", "kipimo 10,000", pembeni jina la mhusika. Nakata pole pole kwenye magunia yake. Akiondoka hajamaliza, imekula kwangu, na sijawahi kumfuata mtu Bahi kudai hela ya dawa. Hiyo ni michango ya afya au siyo? Mbona haihesabiwi popote?

Msimu uliopita mke wa kijana wangu mmoja alikuja mashineni amebeba mtoto, kifua kimembana, anapumua kwa shida. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, walikuwa nayo, ile ya 30,000 kwa kaya. Nikawapakia kwenye pikipiki mwenyewe. Daktari aliwaona vizuri tu, sina neno naye. Kufika dirisha la dawa: "Hii hatuna, kanunueni hapo nje." Hapo nje ni duka la dawa linalotazamana na geti. Mwenye duka hakusoma hata cheti, aliangalia kadi mkononi mwa yule mama na mkono wake ukawa tayari uko kwenye rafu. Biashara yake yote inaishi kwa lile dirisha! Nililipa mimi, nikaandika kwenye daftari.

Sasa kadi ya 30,000 haikuwa na dawa. Hii ya 150,000, mara tano yake, itakuwa nayo? Jazeni lile dirisha kwanza, msimu mmoja tu, muone kama kuna mtu atahitaji kusukumwa.

Ninachoogopa zaidi ni ule mtindo wa muswada wa 2022, walipotaka kufunga bima pamoja na vitu kama TIN, namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara. Leseni yangu ikishikwa kwa sababu ya kibarua aliyezima simu, nafunga mashine, na hao vijana mnaotaka kuwatibu wanakosa hata hicho cha gunia. Faida yenyewe hii mnaijua: bei ilivyoporomoka 2023 kuna wenzetu walikamua kwa hasara wakawa wanaponea mashudu.

Wenye mashine wa Kibaigwa, Manyoni na Singida mjini, nyie vibarua wenu mnawaandikisha kama nani? Au wote tunajikausha tukisubiri kukaguliwa?

Na kama humu yumo mtu wa Wizara, asinijibu kwamba elimu inaendelea kutolewa. Aniambie kibarua wa gunia anaandikwa wapi, na Desemba analipiwa na nani.