Mrejesho: uchambuzi wa makala ya korosho na ratiba ya TV

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kuchambua makala ya televisheni ya dakika 26 kuhusu minada ya korosho hapa Mtwara, na kwa nini kituo kiliipangia muda ule wa Oktoba, baada ya habari ya usiku.

Ushauri wa kutazama kwanza bila sauti, kisha kusikiliza bila picha, ndio uliozaa zaidi. Msimulizi anataja bei, huku picha inaonyesha mikono ya wabanguaji. Lawama inajengwa na uhariri, hakuna anayeitamka. Kugawa sekunde 1,560 kwa shoti 195 (vipande vya picha kati ya mkato mmoja na mwingine) kulitoa wastani wa sekunde 8, ila unapotosha: za mahojiano ni ndefu, za ghalani sekunde 2 au 3. Hesabuni kila sehemu peke yake.

Uchambuzi wa ratiba umefanikiwa nusu. Kuwekwa kati ya habari ya saa 2 usiku na tamthilia kunaeleweka: kipindi kizito kinabebwa na majirani wenye watazamaji wengi. Oktoba nayo ni msimu wa minada. Lakini ratiba huonyesha nia ya kituo tu, haisemi nani alitazama, kwa hiyo bila takwimu za watazamaji hapo nimeandika "huenda". Tena rekodini saa halisi ya kuanza, maana habari hupitiliza muda.