Naomba ushauri: mtoto apakatwe au akatiwe kiti chake kwenye ndege?

Ndugu wanajamvi, salaam. Tunatarajia kwenda Bukoba kumwona mama Krismasi hii, tukitokea Dar es Salaam, katika mwaka ambao biashara yetu imezorota na kila shilingi inahesabiwa. Binti yetu ana miezi 18, hivyo bado anaruhusiwa kupakatwa kwa sehemu ndogo tu ya nauli, ilhali kumkatia kiti chake kungetugharimu karibu sawa na mtu mzima. Hata hivyo, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inashauri mtoto wa umri huo afungwe kwenye kiti maalumu, kwa kuwa mikono ya mzazi haiwezi kumshikilia ndege ikitikisika ghafla; nami, tangu ajali ya ndege ya Ziwa Victoria ya Novemba 6, 2022, siwezi kulipuuza hilo. Wakala wa tiketi alinieleza habari za mkanda wa ziada tu, ule wa mtoto unaounganishwa na mkanda wa mzazi anayempakata.

Je, kuna aliyewahi kutumia kiti cha mtoto cha gari katika ndege ndogo za ndani, na kilikubaliwa? Na nauli hupungua tukisafiri Desemba 25 yenyewe?