Mnaosema albamu ya Freddie Mercury ilibuma, mmeisikiliza au mmesimuliwa?

Wakuu, leo nimekasirika na sitaki kutulizwa. Kuna mtangazaji mmoja wa kipindi cha nyimbo za zamani (jina lake na la kituo nayaacha) kasema hewani, kwa kujiamini kabisa, kwamba Freddie Mercury alipojaribu kutoka kivyake mwaka 1985 alibuma, kwamba bila bendi yake ya Queen hakuwa kitu. Kamaliza kusema hivyo, akatupigia Living on My Own. Tena ile ya 1993! Ile remiksi ya wale Wabelgiji, No More Brothers, iliyotoka wakati mwenyewe kishafariki tangu Novemba 1991. Yaani unaiponda albamu, halafu unatuburudisha kwa wimbo wa albamu hiyo hiyo, na hata hujui kama umetoka humo.

Haya, tuje kwenye namba. Albamu yenyewe, Mr. Bad Guy, ilitoka Aprili 1985. Kwenye chati za Uingereza ilifika namba 6, na wimbo wa kuifungulia, I Was Born to Love You, ukafika namba 11. Huko ndiko kubuma? Kuna watu humu wasanii wao wakigusa hamsini bora mnakesha mkishangilia.

Marekani ndiko ilikododa, sibishi: namba 159. Aibu. Lakini mbona hamsemi kwamba Marekani ilishaanza kuwachoka Queen wenyewe? The Works ya 1984, yenye Radio Ga Ga na I Want to Break Free, Uingereza ilikuwa namba 2, Marekani ikaishia 23. A Kind of Magic ya 1986 ikaishia 46. Bendi nzima, gitaa la Brian May likiwemo, inaporomoka kule, hamna neno. Akiporomoka mmoja, ooh, kwa sababu yuko peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi kazi ile ilivyotelekezwa. Queen kwa Uingereza walikuwa kampuni ya rekodi ya EMI, yeye hii akaipeleka kwa kampuni nyingine, CBS. Ziara ya kuitangaza hakufanya, hata moja. Tarehe 13 Julai likaja tamasha la hisani la Live Aid, Queen wakapanda jukwaani, Wembley ikawaka moto, na kuanzia hapo kila mtu akataka Queen tu, nani tena amkumbuke Freddie wa CBS? Nyimbo zilizofuata ule wa kufungulia zikafia njiani. Made in Heaven ikakwama namba 57. Living on My Own ikakwama namba 50.

Namba 50, wakuu. Wimbo huo huo, miaka minane baadaye, wakaubadilishia midundo ukakaa namba 1 Uingereza wiki mbili. Na msiniletee habari za "ni remiksi ndiyo iliyoubeba". Sauti ni ya 1985, ule uchezaji wa sauti bila maneno ni wa 1985, hata video ni picha za sherehe yake ya kuzaliwa kule Munich, 1985. Kilichoongezeka ni midundo na watu waliojua kuuza.

Halafu 1995 ndiyo kabisa. Queen waliobaki wakachukua sauti yake kwenye nyimbo mbili za albamu hii, wakaweka vyombo vyao, wakazitia kwenye albamu ya bendi, tena albamu yenyewe wakaiita Made in Heaven! Ikawa namba 1. Sikatai, gitaa la May linapendeza humo. Ila leo ukimtajia mtu I Was Born to Love You anakujibu "ah, ile ya Queen". Wajapani wameipenda kupitia tamthilia ya televisheni ya 2004, na huko pia ni toleo la Queen. Kwa hiyo ikidoda ni ya Freddie, ikitoboa ni ya bendi. Mahesabu gani haya?

Nyimbo zote 11 kaandika mwenyewe, kapiga piano na sinthesaiza mwenyewe, na uzalishaji kaufanya pamoja na prodyuza Mack. Albamu yenyewe kaitoa kwa heshima ya paka wake Jerry, akawaongeza Tom, Oscar na Tiffany na wapenda paka wote, wengine wote akawatusi. (Hapo nilimpenda zaidi.) Haina maana kwamba kila kitu humo ni dhahabu. Ngoma za mashine zimechakaa, Foolin' Around hata mimi nairuka. Lakini nendeni mkasikilize wimbo wenyewe wa Mr. Bad Guy, ule wenye okestra nzima, mniambie kama huyo ni mtu aliyepungukiwa bila bendi.

Na sisi wa huku ndio wa mwisho kusamehewa. Mtu kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja, watalii wanapelekwa Shangani kupiga picha, tunavimba vichwa "mtoto wetu, mtoto wetu". Mwambie huyo anayejivuna ataje nyimbo mbili tu alizotoa Freddie kwa jina lake mwenyewe. Atakutajia Bohemian Rhapsody, ya Queen.

Anayebisha aje na namba za chati. "Kila mtu anajua ilibuma" sijibu.