Kutoka Ford F-150 ya petroli kwenda F-150 Lightning ya umeme: inafaa kwa kazi ya kuvuta tela kila siku?

BustaniColumbus

Wadau, naomba ushauri wa wanaoyafahamu haya magari. Niko Columbus, Ohio, kazi ni kukata nyasi na kutunza bustani, kuanzia Aprili mpaka Novemba. Pikapu ni F-150 ya petroli, injini ya lita 5.0, inavuta tela la wazi la futi 6 kwa 12 lenye mashine mbili za kukata nyasi. Tela na mzigo wake ni kama pauni 3,500. Kwa siku ni maili 60 hadi 75, nyingi mjini, chache barabara kuu. Ikiwa na tela, galoni moja inaenda maili 11.

Lightning za 2023 zilizotumika zimeshuka bei. Je, betri ndogo inatosha au nitafute kubwa? Kuchaji ni nyumbani, gereji ninayo. Na hesabu ya mafuta dhidi ya umeme ikoje gari likiwa na mzigo, maana zile namba za matangazo ni za gari tupu?

MailiKwaUniti

Anza na namba moja tu: maili ngapi kwa uniti moja ya umeme (kilowati-saa). Lightning tupu ni kama maili 2 kwa uniti. Ukifunga tela la wazi la uzito huo, weka 1.4 mjini. Tela lililofungwa kama sanduku, kwa mwendo wa maili 65 kwa saa, linaishusha hadi 1 au chini ya hapo. Kinachomaliza betri barabara kuu ni upepo zaidi ya uzito, ndiyo maana tela refu kwenda juu, hata likiwa tupu, linaweza kula umeme mwingi kuliko tela fupi lililojaa.

Betri ndogo ina uniti 98 za kutumia, kubwa 131. Siku za kawaida usichaji zaidi ya asilimia 90, na usipange kurudi nyumbani chini ya 10. Kwa hiyo una asilimia 80 ya kufanyia kazi: uniti 78 kwa ndogo, 105 kwa kubwa. Kwa 1.4, ndogo inakupa maili 109 na kubwa 147. Maili zako 75 zinaingia kwenye ndogo bila wasiwasi. Lakini asubuhi za Novemba zenye barafu toa theluthi nzima, ubaki na 73 hivi. Hapo umebanwa. Kama kuna wateja wa mbali au unafikiria tela la kufunga, chukua kubwa.

Gharama: tuseme uniti ni senti 16 nyumbani. Gawanya kwa 1.4, ongeza asilimia 10 inayopotea wakati wa kuchaji, unapata kama senti 13 kwa maili. Petroli ikiwa dola 3.10 kwa galoni, kwa maili 11, ni senti 28. Ni chini ya nusu ya bei. Ila ukichaji kwenye chaja za kasi za barabarani kwa senti 50 za uniti, ni senti 36 kwa maili, yaani ghali kuliko petroli unayoilalamikia. Kila faida ya gari hili iko kwenye soketi ya nyumbani. Asiye na mahali pa kuchajia kwake na anavuta tela, namshauri abaki na petroli.

Usisahau Ohio inatoza dola 200 za ziada kila mwaka kwenye usajili wa gari la umeme. Na ile nafuu ya kodi ya serikali kuu, mpya na iliyotumika, iliisha 30 Septemba 2025, kwa hiyo muuzaji akiiingiza kwenye hesabu yake, mkatalie.

FundiWaya

Mwenzangu amemaliza ya maili. Mimi niseme ya ukutani, kwa sababu huko ndiko watu wanaunguza vitu.

Kanuni ya kwanza: gari linachaji saa nyingi mfululizo, kwa hiyo sakiti breka lazima iwe na nafasi ya asilimia 25 juu ya ampea linazovuta. Chaja ya ampea 48 inataka breka ya 60. Chaja ya 40 inataka breka ya 50. Lightning ya betri ndogo inapokea kilowati 11.3 tu, ambazo ni hizo ampea 48 kwa volti 240. Usiuziwe chaja ya ampea 80 kwa ajili yake, haitaongeza hata dakika moja ya kasi.

Kosa linalorudiwa kila wiki liko kwenye waya. Mtu anaweka breka ya 60 na waya wa shaba namba 6 ule wa nyumbani wenye ganda moja, unaoandikwa NM-B. Waya huo kisheria unabeba ampea 55, siyo 60. Hautawaka moto siku ya kwanza, utachemka ndani ya ukuta kila usiku kwa miaka. Kwa chaja ya 48 tumia THHN namba 6, waya wa mmoja mmoja unaopitishwa ndani ya bomba (unabeba 65), au NM-B namba 4 (unabeba 70). Kama NM-B namba 6 tayari umeshapita ukutani, weka breka ya 50, shusha chaja hadi ampea 40, utakuwa salama.

La pili ni soketi. Ile ya 14-50 (soketi ya volti 240, ampea 50) ya bei rahisi, inayouzwa kwa ajili ya majiko, imetengenezwa ichomekwe mara moja na kuachwa. Ampea 40 kwa saa nane kila usiku zinalegeza vibano vyake, vibano vilivyolegea vinapata joto, plastiki inakuwa ya kahawia na mwisho inayeyuka. Ukiiona rangi hiyo kuzunguka matundu, zima breka siku hiyohiyo. Nunua soketi ya kiwango cha viwandani kama ya Hubbell au Bryant, na skrubu zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo kilichoandikwa kwenye soketi. "Nimekaza kwa mkono" ndiyo inayoyeyusha soketi.

Bora zaidi ni kuunganisha chaja moja kwa moja na waya, bila soketi kabisa. Kanuni za sasa zinadai breka ya kukinga mtu asipigwe shoti kwenye kila soketi ya gari, na chaja nayo ina kinga yake ndani. Hizo kinga mbili zikikutana, breka inaruka usiku bila sababu na asubuhi unakuta gari halijachaji. Ukiunganisha moja kwa moja, tatizo hilo huna.

Kibali cha mji na ukaguzi usivikwepe. Nyumba ikiungua, mtu wa bima ataanza na swali hilo. Kisanduku chako kikuu cha breka ni cha ampea ngapi?

TelaNaMzigo

Mambo ya kutazama kabla ya kulipa, kwa kifupi:

Hakikisha lina Max Trailer Tow Package, yaani kifurushi cha kiwandani cha kuvuta tela zito. Betri ndogo bila hiyo inavuta pauni 5,000, ikiwa nayo 7,700. Betri kubwa yenye hiyo inafika 10,000. Muhimu zaidi, inakuja na kidhibiti cha breki za tela ndani ya gari.

Soma kibandiko cha njano kwenye fremu ya mlango wa dereva. Uzito unaokandamiza ndoano ya tela, asilimia 10 hadi 15 ya tela lote, unahesabiwa ndani ya mzigo huo pamoja na wafanyakazi na mafuta ya mashine. Matoleo ya kifahari yenye magurudumu makubwa yanabeba kidogo kuliko yale ya kazi.

Ingiza VIN (namba ya utambulisho wa gari) kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama lina marekebisho yaliyoitishwa na hayajafanywa. Dhamana ya betri ni miaka 8 au maili 100,000, hesabu iliyobaki. Kwa kifaa cha OBD (kinachomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari) na programu ya simu kama Car Scanner unaweza kuona afya ya betri palepale kwa muuzaji.

Ford ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha kutengeneza Lightning ya umeme mtupu. Dhamana haifutiki kwa hilo, na vipande vingi vya bodi vinafanana na F-150 ya kawaida.

Kwa kazi yako soketi za umeme za gari lenyewe ni faida kubwa: kilowati 2.4 zinachaji betri za vipuliza majani mchana kutwa bila jenereta.

BustaniColumbus

Asanteni sana, nimeelewa. Kisanduku ni cha ampea 100, na nyumba ina jiko la umeme, mashine ya kukaushia nguo na kiyoyozi. Kuna siku mbili tatu kwa mwezi naenda hadi Dayton na tela. Huko nitachajije?

TelaNaMzigo

Tundu la kuchajia liko mbele kushoto, kati ya gurudumu na mlango wa dereva. Chaja za kasi za Tesla za toleo la V3 (kwa adapta) zina waya mfupi uliopimwa kwa magari yenye tundu nyuma, kwa hiyo utaziba nafasi mbili; za V4 zina waya mrefu zaidi. Tafuta chaja ambayo gari linapita moja kwa moja kama kituo cha mafuta, la sivyo utafungua tela kila mara. Asilimia 15 hadi 80 ni kama dakika 44 kwa betri ndogo.

FundiWaya

Kwa ampea 100 na vyombo hivyo, mwambie fundi mwenye leseni akufanyie hesabu ya mzigo wa nyumba kabla ya kununua chaja. Mara nyingi nafasi inayobaki ni ya breka ya 30, yaani chaja iwekwe ampea 24. Hiyo ni kilowati 5.76, ukichaji kwa muda wa saa tisa usiku unapata uniti 52, na baada ya upotevu kama 47 zinaingia kwenye betri. Kwa 1.4 ni kama maili 65. Siku ya maili 75 utapungukiwa kidogo, siku ya maili 60 utajaza. Ukitaka zaidi bila kubadilisha kisanduku, funga kifaa cha kusimamia mzigo: kinapima umeme unaoingia nyumbani na kushusha chaja chenyewe jiko likiwashwa, halafu kinairudisha watu wakilala. Hakikisha ampea zimefungwa ndani ya chaja kwa mipangilio ya fundi, siyo kwenye simu ambapo mtoto anaweza kuzipandisha.

Na siku za baridi weka saa ya kuondoka kwenye gari likiwa limechomekwa, lipashe betri na kibanda kwa umeme wa ukutani. Lightning za 2023 hazina pampu ya joto, zilianza kuwekewa 2024, kwa hiyo hita ikiwaka barabarani inakula maili moja kwa moja kwenye betri. Tumia joto la kiti na la usukani kwanza.