Uwani mita 3 kwa 4, sakafu ya saruji, maji ya kisima yana chumvi: nianzeje bustani ya mboga?

Mama Pacha, Tabata

Wakuu, habari za leo. Nyumba ni ya kupanga, hivyo kupasua sakafu hairuhusiwi. Uwani ni mita 3 kwa 4, ukuta wa mita 2 pande zote isipokuwa upande wa mlango. Nataka mboga za majani za watu watano, bila kununua mbolea kila mwezi na bila bili ya maji kupanda. Mchicha uliopo kwenye makopo unakauka ncha za majani na juu ya udongo pametanda ukungu mweupe mkavu. Maji ni ya kisima, ukiyaonja yana chumvi kidogo. Gunia au maboksi ya mbao? Na taka za jikoni nizifanyeje zisinuke kwa majirani?

Fundi Gunia

Dada, kwa sakafu ya saruji gunia linashinda boksi, kwa sababu unapanda ubavuni pia. Kabla ya yote pima jua. Dar jua la mchana linapita kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwishoni mwa mwaka. Mwezi Juni, jua likiwa juu kabisa, ukuta wa mita 2 wa kaskazini unatupa kivuli cha kama mita 1.15. Desemba ukuta wa kusini unatupa sentimita 60 tu. Kwa hiyo magunia yakae upande wa kusini, yaachane na ukuta sentimita 70. Ule ukanda wa chini ya ukuta wa kaskazini uache kwa ndoo za mbolea na tangi la maji.

Gunia la kilo 100 linameza ndoo saba za lita 20: nne za udongo tifutifu, mbili za samadi ya ng'ombe iliyoiva, moja ya maganda ya mpunga. Samadi iliyoiva haina harufu na ukiifikicha inamomonyoka. Mbichi itaunguza mizizi ndani ya wiki.

Katikati unajenga nguzo ya mawe. Chukua kopo la rangi la lita 4, toa kitako, lisimamishe ndani ya gunia, lijaze mawe ya ukubwa wa limau, zungushia udongo, kisha livute juu na urudie hadi mdomoni. Usitumie kokoto ndogo. Udongo utaingia katikati yake, nguzo itaziba, na maji yataishia juu huku mimea ya chini ikinyauka. Hapo ndipo magunia mengi yanapofia, watu wakidhani ni ugonjwa.

Mwagilia, acha siku tatu udongo ushuke, ongeza uliopungua, ndipo utoboe. Ukipanda siku hiyo hiyo udongo utashuka na miche na kukata mizizi. Toboa mipasuo ya sentimita 5, si matundu ya duara, ukianzia sentimita 20 kutoka chini, kwa mtindo wa zigizaga, nafasi sentimita 20. Utapata miche kama 30 ubavuni na minne au mitano juu. Magunia manne yanatosha eneo lako na bado unapita.

Bwana Chumvi

Naongezea kwenye maji, maana hapo ndipo tatizo lako lilipo. Ule weupe ni chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki, na kopo halipati mvua ya kutosha kuisukuma chini. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku unazidi kuirundika. Afadhali umwagilie kwa kushibisha mpaka maji yatoke kitakoni, kisha uache udongo wa juu ukauke kidogo. Kila baada ya wiki mbili pitisha maji ya mvua au ya bomba, mara mbili ya kipimo cha kawaida. Samadi ya kuku iache kwanza, nayo ina chumvi nyingi.

Chagua mboga kwa maji uliyonayo. Spinachi ndiyo mvumilivu kuliko zote hapa. Maharage, vitunguu na karoti usihangaike navyo.

Mvua ya milimita 1 kwenye bati la mita mraba 1 ni lita 1. Kipande cha paa cha mita mraba 20 kikipata mvua ya milimita 30 kinakupa lita 600 kwenye hesabu, tuseme 480 ukitoa zinazopotea. Maji ya dakika za mwanzo yamwage, yamebeba vumbi na vinyesi vya ndege. Mdomo wa tangi ufunge kwa wavu wa mbu, tundu lolote lisibaki wazi. Dar imeshapata milipuko ya dengi, mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anataga kwenye maji yaliyotuama kama hayo.

Maji ya kuogea yanafaa ukimwaga kwenye udongo, si kwenye majani. Ya kufulia kwa sabuni ya unga hapana, sodiamu yake itaongeza tatizo lile lile.

Kijana wa Mbagala

Na matairi je? Yanapatikana bure.

Bwana Chumvi

Kwa maua sawa, ila toboa chini au jaza udongo hadi ndani ya mdomo wa tairi. Ule mfereji wa ndani ya tairi unashika maji na mbu wanafurahi.

Mama Pacha, Tabata

Asanteni sana. Juu ya slabu ya choo kuna nafasi, naweza kupeleka gunia moja?

Fundi Gunia

Usipeleke. Gunia lililolowa linafika kilo 200 na zaidi, zote zimekaa mahali pamoja. Huko weka ndoo za lita 10 za mrehani na mchaichai, ukizitandaza pembeni karibu na kuta zinazobeba slabu.

Taka: ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, matundu ya milimita 8 ubavuni na kitakoni. Kila kipimo kimoja cha maganda mabichi funika na viwili vya majani makavu au vumbi la mbao. Geuza kila wiki. Ikinuka kama mkojo, kavu ni kidogo. Ikikaa miezi bila kubadilika, imekauka, nyunyizia. Nyama, mafuta na wali uliochacha usiweke, panya watakuja. Ya kwanza ikijaa iache miezi mitatu huku ukijaza ya pili. Funza wakubwa wa kijivu wakijitokeza usiwaue, wanakula taka. Mwenye kuku jirani atawagombania.

Gunia la sandarusi huchakaa kwa jua baada ya msimu mmoja au miwili, kwa hiyo vuta pembe zake kwa kamba kwenye fito nne kabla halijapasuka. Ubavuni anza na matembele: marando ya sentimita 25, macho mawili ndani ya udongo. Mchicha panda juu, uchanganye mbegu na mchanga mkavu zisirundikane. Sukuma nayo ipate kivuli cha mchana, joto la pwani huleta vidukari. Wakitokea, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, unanyunyiza jioni chini ya majani, unarudia baada ya siku nne.