Mrejesho: mbao kuhama mezani nikipiga randa

Wakuu, habari za kazi. Niliwauliza nifanyeje, maana klampu zilikuwa zinaachia ubao wa mninga nikipiga randa, na nikizikaza sana zinaacha alama.

Kabari ndiyo iliyomaliza kazi. Mbele nimefunga kizuizi chembamba kuliko ubao, kisu cha randa kisikiguse. Ubavu mmoja unaegemea papi (kipande chembamba kirefu cha mbao) iliyonyooka. Upande wa pili nimefunga papi nyingine kwa skrubu, mshazari kidogo, nafasi ikizidi kuwa finyu kuelekea mbele. Kabari inaingia hapo katikati, unaigonga kidogo tu kwa nyundo. Ukisukuma randa, ubao unaivuta kabari na kujibana wenyewe. Juu hakuna chuma cha kukwepa, kwa hiyo maranda yanatoka marefu, kutoka ncha hadi ncha. Raha sana!

Klampu za G nimeziachia kazi ya patasi. Nazifunga usawa wa mguu wa meza, maana katikati meza inadunda na nguvu ya nyundo inapotea. Aliyesema nigundishe vipande vya plaiwudi kwenye midomo ya klampu, asante, alama mpya hamna. Za zamani nimezitoa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, isipokuwa pale nyuzi zilipokatika. Hapo pasi haifui dafu.

Vijiti vyembamba bado vinapinda vikibanwa na kabari. Hivyo naviranda kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), japo polepole. Mwenye njia nzuri zaidi aseme.